La

Siku ya kwanza Mwalimu Ndikumana aliandika ubaoni
herufi mbili: LA.
Nikadhani anatukataza jambo.
Kwetu Kibokoni ukiambiwa la, ni la,
warudisha mkono, waiacha sahani.
Kumbe, asema, hiyo ni alama ya kike:
meza ni ya kike, dirisha la kike,
kitanda kidume, na bahari mwanamke.
Nikamuuliza ni nani alivivua nguo akaangalia.
Darasa zima likacheka. Mimi nilitaka jibu.

Twasomea orofani, juu ya duka la misumari, Barabara ya Digo.
Panka lazunguka kama lililolazimishwa.
Wenzangu ni vijana wa hoteli.
Mimi nina miaka sitini na mmoja na goti moja bovu,
ngazi thelathini na nne, nazihesabu kwa lugha yao.
Majina yao huisha kwenye kumi na sita,
baada ya hapo wanahesabu kama sisi, kumi na saba, kumi na nane,
na hapo ndipo napumzika.

Ile R yao iliwashinda vijana.
Wakakohoa, wakasukutua.
Mimi nilikaa chuoni mbele ya bakora,
ghaini i kooni mwangu tangu utotoni:
ghali, ghuba, gharika, lugha.
"Madamu Mwanasha, rudia wasikie."
Nikarudia. Nilijiona siku ile, sitaficha.
Lakini U yao! Mdomo kama unapuliza makaa
na ndani wasema I. Nilifanya mazoezi jikoni
mpaka jiko likashika.

Namsomea mtu mmoja.
Mishi wangu, muuguzi, ameolewa Martiniki.
Kisiwa kama chetu, mama, aliniambia,
muhogo ule ule, kutu ile ile kwenye bawaba.
Ana mtoto, Naseri, wa miaka sita,
hunitazama simuni kama anayetazama tangazo.

Jumapili. Kwangu saa mbili usiku, kwao saa saba mchana.
Nilikuwa na sentensi tatu,
nimezipiga pasi kama kanzu za Idi.
Hujambo. Umekula? Wasoma nini?
Kila R mahali pake.
Mtoto akaangua kicheko, akajibu kitu
kisichokuwamo daftarini, hata ukurasa wa nyuma.
Mishi akasema: mama, hicho si Kifaransa.
Ni Krioli. Akiokota kwa bibi yake wa huku.

Bibi yake wa huko.
Nikafunga daftari. Miezi saba, na ada juu,
na mwenzangu ampa mtoto bure, akimenya ndizi.

Nikamuuliza Mwalimu. Akapangusa chaki mikononi:
hiyo si lugha ya kusomea.
Nikamtazama. Meza aliyoegemea tuliipokea kwa Mreno,
dirisha nyuma yake kwa Mwajemi,
na shati alilovaa, jina lake lilishuka melini.
Sikusema neno. Nilihesabu ngazi kushuka, kwa Kiswahili.

Jumapili iliyofuata sikuandaa kitu.
Nilikuwa nachoma shelisheli,
simu imeegemea kopo la chumvi.
Naseri akaliona. Akasogea hata pua ikajaa kioo.
"Fuyapen!" akapiga kelele, kama aliyemwona jirani sokoni.
Shelisheli, nikamwambia.
"Seliseli." Jino la mbele halipo, upepo wapita.
Akalirudia, akalikimbiza nyumba nzima,
nikamsikia akilipeleka uani, akilirudisha.
Mishi naye, kwa nyuma, kunitania:
mama, hilo ni le au la?

Nikaligeuza. Ganda lilikuwa limeungua upande mmoja.
La, nikasema. Shelisheli la bibi.
Mtoto akanyoosha mkono kwenye kioo, ataka kipande.
La, baba. La moto.