Laini ya Saa Nane Usiku

Kazini naitwa Keli.
Jina limebandikwa kwa gundi juu ya kioo,
chini yake orodha ya maneno yaliyokatazwa:
pole, haya, ewaa, mama.
Ofisi iko Nyali, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro,
na baridi ya mashine huingia mpaka kwenye fizi.

Bi Njambi alitufunza wiki sita.
"Ulimi uwe maji ya chupa," alisema,
"usiwe na ladha ya kisima chochote."
Tukajifunza kutaja mashine ya kufulia
bila Kibokoni ndani yake.
Bila Murang'a pia, akaongeza, akijicheka.

Mimi si mgeni wa kunyooshwa.
Darasa la nne niliandika: nalifumba mato kwa ndaa.
Mwalimu Wafula akazungushia wino mwekundu
mato, akazungushia ndaa,
akauliza darasa zima kama nimefumba mito,
Tana na Sabaki.
Siku nyingine akamsikia nyanya langoni akiniita, "Ndoo!"
Akampelekea ndoo. Ya plastiki, ya buluu, maji nusu.
Nyanya akaipokea, akasema ahsante.
Alinyamaza hadi tulipovuka barabara,
kisha akateka.
Akateka, nasema, sisemi akacheka:
kucheka ni kwa meno,
kuteka ni kwa mbavu,
akateka hata maji ya watu yakamwagika.

Jumanne, saa nane kasorobo usiku,
akaingia bibi mmoja kutoka Alabama.
Mashine imekwama, nguo zimelala majini.
Sikumwelewa.
Irabu zake ndefu, kama mtu anayekunja shuka peke yake:
ashika pembe hii, aifuata ile kule.
Alisema "yol", nikaitafuta kwenye orodha ya vipuri.
Kumbe ni ninyi.
Ninyi nyote, huko mliko.

"Usione haya, mwanangu, nitarudia," akasema.
"Mwaka wa sabini na moja nilikwenda Chikago,
nikapata kazi ya kupokea simu benki.
Wiki ya pili wakanihamishia nyuma, kwenye mafaili.
Eti nikifungua mdomo wateja wanasikia pamba."
Kimya. Maji yakadondoka upande wake wa dunia.
"Nawe, Keli, watoka wapi hasa?"

Karatasi inasema: jibu kwamba uko kituo cha huduma.
Taa ya kijani. Sekunde zahesabiwa.
Bi Njambi husikiliza simu moja katika kila kumi.
Nikasema, "Mombasa."
Akaliweka jina mdomoni, akalivuta, Mombaaasa,
kama pipi asiyotaka iishe.
"Huko nako wanawakosoa?"
"Wanasema twala maneno."
"Hatuyali," akasema. "Twayatafuna tu vizuri."

Kisha tukashughulika na kichujio.
Kilikuwa na kifungo, senti mbili, na nyuzi.

Asubuhi alama yangu ilikuwa sitini na moja kwa mia.
Bi Njambi kaandika: lafudhi ililegea dakika ya nne.
Hapana zaidi. Pembeni pana alama ya duara,
siyui ni jua au ni doa la chai.

Nyumbani binti yangu Mwanasiti alikuwa akivaa soksi za shule.
"Ndoo unywe chai," nikamwambia. "Ndoo, una ndaa."
"Mama," akasema, "ni njoo."
Kwa upole,
kama anayemfunga mwenzake kifungo kilichosahauliwa.

Nami, niliyekuwa na jibu la kila mtu usiku kucha,
nikammiminia chai, nikamtazama akinywa.

Ile ndoo ya Mwalimu Wafula hatukuirudisha.
Iko uani hadi leo, buluu imepauka, mpini ni waya.
Alipotoka nikaiendea,
nikainama,
nikateka.
Kwa Kiswahili kipi, sisemi.