Sumaku ya Mzee Luhende

Alifika kabla sijatandika gunia la spana,
jasho limemchora ramani mgongoni.
"Milembe," akasema, "nimetoka Ipuli
na sijaenda popote. Tazama mwenyewe."
Kile kioo kidogo kwenye usukani
kilikuwa kimeandika sifuri.

Nikapiga magoti.
Kihisi kipo, kimeng'ang'ania fremu kama kupe,
kataa kake kanakonyeza, betri haidai.
Lakini kwenye mkono wa pedeli, upande wa ndani,
palipokaa sumaku
pamebaki duara jeupe la gundi
kama ngozi iliyobanduliwa plasta.

Hii ni mara ya tatu.
Ya kwanza ilidondoka alipokatiza reli,
na reli hairudishi ilichokikumbatia.
Ya pili tuliitafuta hapahapa Kachoma:
nikafunga sumaku ya spika kwenye uzi,
nikaiburuta mchangani kama mtoto na gari la kopo,
ikaibuka na ndevu,
mchanga mweusi umesimama wima,
na ndani ya ndevu msumari wa kiatu,
kifuniko cha soda, pini ya nywele, nusu ya wembe.
Kila kilichopotea Tabora kilikuja,
isipokuwa tulichokuwa tunakitafuta.

Miaka thelathini na moja aliunganisha mabehewa.
Siku moja behewa likawahi, goti likachelewa.
Daktari akamwambia: usikanyage kwa nguvu,
zungusha kwa wepesi, sitini kila dakika.
Binti yake akatuma kidude hiki kutoka Mwanza
kwenye boksi lenye karatasi nyingi kuliko kidude.

Niliwahi kumwuliza: kwani huwezi kuhesabu kwa mdomo?
"Mdomo wangu," akasema, "hunionea huruma.
Nikifika arobaini unaniambia tayari."

Basi. Gundi nimeichoka.
Jua la Oktoba huilainisha, vumbi huila pembeni,
na mkono wa pedeli hii ni aluminiamu,
haujui sumaku ni mgeni gani.
Mjomba, aliyeniachia sanduku hili la vyuma,
angecheka: baiskeli inayotaka kukumbuka!
Lakini ni yeye aliyenifunza
kugonga kila kitu kwanza, nisikilize.
Nikagonga. Aluminiamu, aluminiamu, halafu
ncha ya ekseli ya pedeli, inapochungulia kwa ndani:
chuma.

Nikavunja spika ya sikioni iliyokufa upande mmoja,
nikatoa sumaku ndogo kama punje ya choroko.
Sikuibandika. Niliisogeza tu,
ikaruka yenyewe kutoka kidoleni,
tak.

Kihisi nikakishusha usawa wake,
nikakifunga kwa utepe wa tyubu, mizunguko minne,
nikaacha nafasi ambayo sarafu ya mia mbili
hupita kwa kusitasita.
Nikainua gurudumu la nyuma, nikazungusha kwa mkono:
sifuri. Sifuri.
Kumi na nane.
Thelathini na tano.
Mzee akavua kofia.

Sasa akataka kurudi Ipuli aanze upya,
maana safari ya asubuhi haikuandikwa.
Nikamwambia goti limeshaiandika.
"Goti," akajibu, "halitoi risiti."

Akaanza na kuzunguka kibanda changu,
akizisoma namba kwa sauti
kama anayetaja stesheni kwa abiria waliosinzia:
"Arobaini na nne! Hamsini na moja!"
Mama wa nyanya akauliza, bei ya nini hiyo?
"Hamsini na nane!"
akapotelea nyuma ya magunia ya mkaa,
nikawa nasikia cheni tu, na namba moja moja
nisizoweza kuzishika vizuri.

Hakulipa. Alisahau, nami nilisahau kumkumbusha.
Jioni nakusanya vifaa,
naona bisibisi imeambukizwa:
skrubu ndogo tatu zinaifuata gunia zima,
na kwenye ncha yake
kandevu ka mchanga mweusi
kanakokataa kufutika.