Maelezo ya Fomu Namba 212

Daktari,
fomu mia mbili na kumi na moja ziko shwari,
zimepangwa pembe kwa pembe, zimefungwa kwa uzi.
Hii moja imechafuka.
Naomba nieleze kabla hujaikata kwa wino mwekundu.

Ni ya Nabifo, wa nyuma ya stendi ya Mbale,
pale njia inapoinama kuelekea Namatala
na harufu ya kahawa inakolea hata bila kikombe.
Hauzi kahawa. Huchukua maganda,
yale ambayo wakoboaji huwalipa watu wayatupe,
huyachoma nusu, huyakanda kwa uji wa muhogo,
huyaanika juu ya mabati hadi yawe makaa.
Mashine yake ni rimu ya lori na jeki ya Isuzu,
kazi ya Kuloba mchomeleaji,
na huharibika kila Jumanne kama iliyoapa.

Tulianza vyema. Swali la kwanza, umri. La nne, mtaji:
"Mbuzi wawili, na chama cha akina mama,
na pete."
Kisanduku cha pete hakipo.
Niliandika: akiba binafsi.
La tisa: je, una mpango wa biashara ulioandikwa?
Akanionyesha ukuta.
Mkaa juu ya plasta: madeni upande wa kushoto,
mvua upande wa kulia, siku kwa siku, tangu Machi.
Niliandika: hapana.
Mkono ulisita, lakini niliandika.

Kisha la kumi na saba,
lile ulilotuambia ndilo moyo wa utafiti:
biashara yako imeunda ajira ngapi?

Alihesabu kwa vidole vyeusi.
Wandeba aletaye magunia kwa baiskeli.
Wasichana wawili wa kuanika, mvua isiponyesha.
Mama Khaitsa apikaye maharage ya saa saba,
kwa sababu hapa pana matumbo.
Kuloba, kila Jumanne.
"Na mdogo wangu anayemshika mtoto, mwandike,
bila yeye mikono yangu ni nusu."

Nikamsomea maelezo yako ya ukurasa wa tatu:
ajira ni ya mshahara, kila mwezi,
miezi mitatu mfululizo, na mkataba.
Akanyamaza. Wingu lilikuwa limeanza kushuka Wanale
na macho yake yalikuwa kwenye mabati, si kwangu.
"Basi sifuri," akasema, akainuka kuanua.
Nilianua naye. Hilo pia halimo kwenye mwongozo.

Tulipokwisha kufunika kwa turubai, akauliza,
maji yakimchuruzika kidevuni:
"Na wewe, mwenye shahada, nani kakuajiri?"
Nikasema: mradi.
"Kwa miezi mingapi?"
Siku tisa.
"Una mkataba?"
Nina fulana yenye nembo.
Akacheka hadi akashika nguzo.
"Kama mimi nisingekuwepo, ungemhoji nani?
Usingehoji, ungelipwa?
Haya, futa sifuri. Andika moja.
Andika na jina lako."

Nimeandika.
Ndilo hilo doa unaloliona.

Najua, mtakaposafisha data
ataanguka kutoka ungoni pamoja na wasiokamilika,
na jedwali litatoka jeupe kama wali wa harusi.
Majedwali hayo niliyasoma chuoni, nikapata alama ya juu.
Mwaka wa tatu sasa
natafuta ni safu ipi niliyomo.

Nauli imebaki shilingi elfu nne, ziko ndani.
Kuna na kipande kimoja cha makaa, alishikilia nikilete.
Kimepaka weusi kwenye bahasha na kwenye risiti, samahani.
Anasema kinawaka saa tatu, bila moshi.
Changu sijakijaribu.
Siku ya tisa ilikuwa jana,
na sina cha kubandika.