Chumvi Ngazini

Naishi ghorofa ya pili, mjini Nish,
na kila asubuhi ya safari maji hunifikia mlangoni.
Ni Desanka wa juu, amemwaga jagi nyuma ya mtu
ili njia yake iteleze kama maji.
Mjukuu aende mtihani: jagi.
Mwanawe Ognjen aende kung'olewa jino: jagi.
Nami na goti langu bovu hushuka nimekumbatia ukuta,
nikitukana kimoyomoyo,
maana dua ya jirani haitukanwi kwa sauti.

Kisha Ognjen akamleta Fumiyo, binti wa Kanazawa.
Vita vikaanzia dirishani.
Mkamwana hufungua mawili yanayotazamana, nyumba ipumue;
mavyaa huyafunga, kitambaa shingoni:
"Upepo wa kupita umeua wengi kuliko mizinga!"
Siku Desanka alipochomeka kijiko wima katika wali wa maziwa,
Fumiyo aligeuka rangi. Kwao huo ni wali wa maiti.
Walipatana kwa viatu tu:
hakuna aliyekubali kiatu kivuke kizingiti.

Usiku mmoja Fumiyo alikata kucha, akacheka:
"Kwetu husema, akataye kucha usiku
hamuwahi mzazi wake akikata roho."
Februari simu ikalia.
Ndege tatu, theluji, foleni za pasipoti.
Hakumuwahi.

Asubuhi alipoondoka haikuwa jagi, ilikuwa ndoo.
Maji yalishuka hadi barabarani, yakaganda.
Sikutukana.

Aliwahi kusema, kwenye kahawa,
kwamba kwao atokaye mazikoni hunyunyiziwa chumvi
kabla hajaingia ndani.
Desanka alimkemea: chumvi ikimwagika, ugomvi!
Yeye ambaye punje tatu mezani humfanya ateme mate begani.

Aliporudi, nilikuwa ngazini, nasingizia kutafuta funguo.
Desanka alisimama mlangoni na kibakuli.
"Begani? Au mgongoni? Nielekeze, mwanangu, mimi sijui."
Fumiyo hakuweza kujibu.
Basi akammwagia kote,
mabega, kifua, mikono ya koti,
kwa viganja vizima, kama atiaye kabichi pipani
kungojea majira ya baridi.
Kisha wakainama pamoja, kila mmoja akavua viatu vyake.

Wiki nzima ngazi zilikwaruza chini ya nyayo zetu.
Ugomvi ulikuja, naam,
lakini ulikuwa ule ule wa dirisha.