Neno la Nne

Zipu ya koti langu ilikufa Desemba,
barafu ikiwa imeshalala kwenye reli za tramu,
nami sina hela mpaka mwisho wa mwezi.
Nikavaa la mama.

Linanibana makwapani.
Sijui ni lini nilimpita kimo.

Tymek aliniona, akaweka kijiko chini.
Ana miaka kumi na minane na tangu Oktoba
sentensi zake zina neno moja:
ndiyo. Bado. Baadaye.
Wiki tisa koti hilo lilikaa kwenye mgongo wa kiti cha jikoni
na sote wawili tulikula tukiwa tumesimama.

Bi Wiesława wa ghorofa ya tatu
alituletea supu ya bitiruti siku saba,
ya nane akasema, mtazoea.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Majonzi haya tumeyapa jembe, tumeyapa fagio,
tumeyapa bili ya gesi yenye jina la marehemu;
yamekaa tu, yanakula nasi,
hayaoshi hata sahani.

Tumefiwa. Kitenzi cha ajabu:
aliyekitenda ameshaondoka,
sisi ndio tumebaki kukinyambua.

Mfukoni mlikuwa na kokwa la kahawia
la miti ile ya bustanini, alilizoea kuliviringisha
vidole vikipata baridi,
na karatasi.

Maziwa.
Betri.
Vitunguu (si vile vikubwa).
Na neno la nne, limekwenda mrama.

Mshumaa, nikasema.
Msumari, akasema Tymek.

Mshumaa, kwa kaburi la bibi, Novemba mosi,
hakukosa mwaka hata mmoja,
na mwaka huu tuliuwasha sisi, lakini kwake.
Tazama hiyo *sh*.
Hiyo si *sh*, akasema ndugu yangu,
hiyo ni *s*, tramu ikikata kona pale sokoni.
Alikuwa amesimama. Hakuwahi kukaa, hata viti vikiwa vitupu.

Hayo ndiyo maneno mengi aliyoyasema tangu mazishini
nami nikanyamaza, nisiyashtue.

Tulikwenda kununua vyote.
Vitunguu tulivichagua kama vito.
Kwenye duka la vyuma mzee wa kaunta akauliza:
Msumari wa inchi ngapi?
Hatujui.
Wa mbao au wa zege?
Hatujui.
Wa kutundikia nini, basi?
Tymek akafungua mdomo, akaufunga,
halafu kicheko kikamtoka puani, kibaya, kama cha mbuzi,
kikaniambukiza, tukacheka tukishikilia kaunta
mpaka yule mzee akatupa mmoja bure
ili tutoke.

Nyuma ya mlango wetu kuna tundu.
Kulabu iling'oka Septemba
na mama akasema, kesho.
Tulikuwa tumelipita mara ngapi?

Tymek alipiga nyundo. Msumari ulipinda
kwa pigo la tatu, akauacha hivyo hivyo.
Sikumwambia kwamba mshumaa bado ungewezekana.
Sina hakika. Nimeuweka kabatini, pamoja na betri
ambazo hatujajua ni za kitu gani.

Nikatundika koti. Likashika.
Kiti cha jikoni kikabaki kiti.
Tymek akakivuta, akakaa,
akaniuliza kama vitunguu vinakatwa vikiwa vimemenywa
au kabla.

Saa kumi na moja alfajiri nilishuka kwenda kazini,
nimelivaa tena,
mkono mfukoni, kokwa likiwa la baridi,
kisha si la baridi.