Uzito wa Kurudi

Muuzaji wa Jesenice aliniuliza tela langu lina uzito gani.
Nikamuuliza: lini?

Mwezi wa sita, tukipanda kutoka Trenta,
mizinga ishirini na minne ni mbao na njaa.
Mwezi wa nane tunashuka
na msitu mzima wa misonobari umehamia ndani,
tone kwa tone, mdomoni mwa nyuki.
Breki hainunuliwi kwa safari ya kwenda.

Akanionyesha za umeme, na kidude chake cha kubonyeza
karibu na usukani. Nzuri.
Lakini gari ninaloazima ni la Lenart,
na Lenart hubadilisha magari kama anavyobadilisha wachumba.
Nikachagua zile za kusukumana:
gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma kwa nyuma,
msukumo huohuo huvuta waya,
waya hutanua viatu ndani ya ngoma.
Yaani kiherehere chake ndicho pingu yake.
Nilipenda hilo. Ningependa na watu waundwe hivyo.

Ožbej, Mungu amrehemu, hakuwa na breki kabisa.
Fundi wa ngoma za kijiji kizima,
lakini mganga hajigangi.
Karatasi zinasema kilo mia saba na hamsini, alisema,
na nyuki hawajui kusoma.
Mteremko nao haujui.

Mwaka wa tatu tangu ninunue, usiku, nikishuka Vršič,
pale kwenye kona ambapo lami inakwisha
na mawe ya kupangwa yanaanza kung'ata matairi,
nikasikia harufu. Si ya asali.
Nikasimama. Nikasogeza kiganja kwenye gurudumu la kulia:
joto likanisukuma kabla sijaligusa.
La kushoto, baridi kama samaki.
Waya wake ulikuwa umefia ndani ya ala, kutu tupu,
na mwenzake alikuwa ameubeba mlima peke yake
bila kulalamika, mpaka aliponuka.

Nilicheka gizani.
Ndoa ya namna hiyo ninaijua.

Nikakaa hadi alfajiri, mgongo kwenye mizinga,
nyuki wakivuma nyuma ya wavu
kama birika linalokataa kuchemka.

Basi sasa kila Machi, theluji ikiwa bado kivulini,
ninapiga jeki, upande mmoja, kisha wa pili.
Ninazungusha gurudumu kwa mkono, kwenda mbele tu;
ukilirudisha nyuma linakudanganya.
Ninakaza mpaka likwame,
halafu ninalegeza, jino, jino,
mpaka libakie kunong'ona.
Vumbi ninalipangusa kwa kitambaa chenye maji.
Ožbej alilipuliza kwa mdomo, miaka thelathini.
Kila nikifungua ngoma ninasikia kile kikohozi
na ninageuka.

Majira ya baridi handibreki siiachi imevutwa.
Viatu hushikana na ngoma, vikalala hivyo miezi minne,
na ukija kuviachanisha, kitu hupasuka.
Kabari mbili za mbao zinatosha.

Jana Lenart kaja kuchukua tela, abebe kuni za mama yake.
Kaunganisha, katikisa, kasema tayari.
Kawaya kembamba kalikuwa kananing'inia, hakajafungwa popote.
Na haka?
Haka ka nini, akauliza, kananenepa kidogo tu kuliko kamba ya kiatu.
Vingine vyote vikifyatuka, nikamwambia,
haka ndiko kanakovuta breki kabla hakajakatika,
tela lisimame lenyewe, barabarani, bila gari.
Ni ka siku utakayoniacha njiani.

Akacheka. Akakafunga kwenye gari.
Nikakavuta kuhakikisha.
Akageuka kufungua mlango, nikakavuta tena.