Abiria Wanne wa Faki Shaame

Kwanza tukakubaliana bei:
elfu thelathini, Konde hadi Chake na kurudi,
na elfu kumi juu yake, ya udongo na maji,
kwa kuwa gari ni yangu na sala pia ni yangu,
na viti vya Vitz havina kosa.

Faki hakubishana. Alikuja na turubali la karafuu,
akalitandika nyuma kama kitanda cha mzazi,
akafunga ncha zake kwenye vishikio vya milango,
kisha akawaita mmoja mmoja kwa majina
waliyopewa ili majirani wasikie:
Watasema. Msinune. Hayawahusu.
Na yule kikongwe wa msitu wa Ngezi,
sikio lake moja lilibaki kwa nguruwe,
jina lake Pole.

"Watasema na Msinune hawakai pamoja," akaniambia,
"wana neno lao, tangu mfupa wa mwaka juzi."
Basi tukawapanga kama wake wenza harusini:
Watasema nyuma ya kiti changu, kamba fupi,
isiyofika kwenye usukani;
Msinune kule dirishani;
Hayawahusu katikati, msuluhishi asiye na habari;
Pole chini, mbele, miguuni pa Faki,
kidevu juu ya kiatu.
Kamba kazipitisha kifuani. "Ukikanyaga breki,
shingo ni moja tu."
Na mie, miaka tisa dereva,
nikauvuta mkanda ninaoukalia kila siku.

Mapofu, karafuu zimeanikwa nusu ya barabara.
Nikakata kulia taratibu, nikasikia mgongoni
kucha zikitafuta pa kushika.
Vioo nimevishusha vidole vinne:
pua zipite, vichwa visipite.

Chwale, skuli zimetoka.
Watoto wakaiacha njia, wakapanda ukuta.
Mmoja akapiga kelele, "Mijibwa!"
Wenziwe hawakucheka.
Mwaka jana walimzika Sabiti, mwana wa fundi cherehani,
aliyeogopa maji, hata ya kutawadhia.
Faki alitazama mbele. Hakuwa mbwa wake.
Kila mtu anajua hakuwa mbwa wake.
"Endesha," akasema.

Ole, askari akanyoosha mkono.
"Mmebeba nini?"
"Watasema," akajibu Faki.
"Sikuwauliza hao, nakuuliza wewe."
"Na Hayawahusu."
Hapa tutalala, nikawaza. "Afande, ni majina. Ya mbwa."
Akainama, akachungulia.
Pole akapiga mkia mara moja,
kama mtu mzima anayeitikia salamu,
na askari akarudi nyuma hatua mbili nzima.
"Piteni. Piteni upesi."

Adhuhuri ilitukuta Machomanne.
Nikataka kufunga gari tukaswali.
"Gari iliyofungwa juani ni tanuri," Faki akasema. "Tangulia."
Niliporudi, milango ya kivulini iko wazi,
maji ndani ya kifuu, zamu kwa zamu, Pole wa kwanza.
Ndipo naye akaenda.
Kanzu yake safi alikuwa kaifungia tangu nyumbani
ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Kwa daktari wa mifugo, sindano nne, kadi nne.
Karani akaandika bila kuinua uso:
Watasema, Msinune, Hayawahusu.
"Na huyu?"
"Pole."
"Ahsante," akasema karani, akangoja jina.

Jioni nimeosha. Mara saba, ya kwanza kwa udongo:
viti, vishikio, hata mkono wa gia,
mke wangu akihesabu kutoka mlangoni
kwa sauti ya mtu asiyeniamini.
Kimebaki kioo cha nyuma, upande wa Msinune,
alama ya pua, duara la ukungu uliokauka,
mahali alipoitazama Pemba yote ikirudi nyuma.
Hicho nitakiosha Ijumaa.